Tovuti ya leseni za vituo vya watoto California: usiishie kwenye hesabu ya makosa

Idara ya Huduma za Jamii ya California ina tovuti ya bure inayomwezesha mzazi kutafuta kituo cha kulelea watoto na kusoma ripoti za wakaguzi. Ni huduma tunayoipendekeza kwa moyo wote, kwa sharti moja: usiishie kwenye ukurasa wa kwanza, ambao ni hesabu tu ya ziara na makosa.

Kwanza omba kituo namba ya leseni, yenye tarakimu tisa. Kutafuta kwa jina kunasumbua, maana majina ya vituo yanafanana mno.

Kisha angalia namba ya fomu. LIC 809 ni ripoti ya ukaguzi, LIC 9099 ni ya uchunguzi wa malalamiko. Ukurasa wenye herufi D mwishoni mwa namba hiyo ndio wa kusoma polepole: una kanuni iliyovunjwa, alichokikuta mkaguzi na tarehe ya mwisho ya kurekebisha. Kwa watoto wachanga, kituo kinatakiwa kuwa na mlezi mmoja kwa kila watoto wanne. Kwa chekechea, mmoja kwa 12. Ukikuta kosa la idadi ya walezi limeandikwa tena baada ya tarehe ya kurekebisha kupita, hilo ni zito kuliko makosa matano ya karatasi zisizojazwa.

Malalamiko yakifika, kwa kawaida mkaguzi hutakiwa kufika kituoni ndani ya siku 10. Hapa wazazi wengi hukosea kusoma matokeo. "Hayana msingi" ni tofauti kabisa na "hayakuthibitishwa": la pili maana yake huenda jambo lilitokea, ila ushahidi haukutosha. Malalamiko ya aina moja yakirudi hivyo mara kadhaa, muulize mkuu wa kituo bila kuona haya.

Upande wa taarifa, sheria imemsaidia mzazi, ila nusu nusu. Kosa la Aina A, yaani la hatari ya papo kwa papo kwa mtoto, lazima ripoti yake ibandikwe kituoni siku 30 na kila mzazi apewe nakala, kisha asaini fomu LIC 9224 ya kukiri kwamba ameipokea. Wanaoandikisha watoto ndani ya miezi 12 inayofuata nao wanapewa. Lakini wajibu huo unaanza kosa linapoandikwa, si malalamiko yanapopokelewa, na kosa la Aina B, lisilo la hatari ya papo kwa papo, halina nakala ya lazima. Hayo utayafuata mwenyewe kwenye tovuti.

Tena, walezi wasiohitaji leseni, kama anayelea watoto wa familia moja tu mbali na wake, hawamo humo. Kukosa jina lake kwenye orodha ya makosa hakumaanishi amekaguliwa.