Uzoefu wangu: TP-Link TL-WN722N v1, baada ya kerneli kupanda na waifai kupotea

Hichi kidude cha waifai, cha kuchomeka kwenye USB, nnacho mwezi wa nne sasa hapa Wete, leo nkaona nikiseme maana tunaotumia Linux kwenye laptopu za mtumba tupo wengi.

Laptopu yangu ni mtumba wa Ulaya, kadi yake ya waifai ipo ndani, kampuni siitaji. Usiku mmoja nkaikubalia apdeti, kerneli (ule moyo wa Linux wenyewe) ikapanda kutoka 6.5 kwenda 6.8, asubuhi kuwasha waifai hakuna, hata ile alama yake haipo. Nkaipeleka kwa fundi huko Chake Chake, kaitazama dakika mbili hazijafika, "Kadi imekufa hiyo sheikh, lete elfu sabini nkutilie nyengine." Yakhe, kadi ilokuwa inafanya kazi jana usiku ife kwa apdeti? Nkarudi nayo nyumbani.

Nkaiwasha upya nmeshikilia Shift mpaka ikaja menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kerneli ya kuwashia, nkaingia Advanced options nkachagua ile 6.5 ya zamani, na waifai hiyoo. Basi kadi nzima, tatizo draiva, ile programu inayoiendesha kadi. Nkarudi 6.8 nkaandika lspci -k, amri ya kuonesha kadi za ndani na draiva zake, kadi inaonekana ila ule mstari wa kusema inatumia draiva gani haupo kabisa. Kumbe draiva ya kadi ile haimo ndani ya kerneli, inajengwa pembeni na DKMS, programu ya kujengea draiva za nje ya kerneli, na kila kerneli ikibadilika sharti ijengwe tena. Nkachomeka simu kwa waya nkapata intaneti, nkashusha heda za 6.8 (mafaili ya kerneli ya kujengea draiva), nkajaribu kuijenga, ikagoma, makosa yamejaa skrini nzima, msimbo wake wa zamani na kerneli mpya haviivi chungu kimoja. Wiki tatu nkaishi na 6.5 hivyo hivyo.

Mpaka ndugu yangu wa Unguja akanipatia kidude hichi Darajani, kishatumika, elfu ishirini, akakitia kwenye boti. Nkakichomeka kwenye 6.8, sikuweka kitu chochote, kikashika. Ndani mna chipu ya Atheros AR9271 na draiva yake, ath9k_htc, imo kwenye kerneli yenyewe, kwa hiyo zinapanda pamoja. Nshapandisha mara tatu toka hapo na waifai ipo.

Ila tazama kibandiko kabla hujatoa pesa!! Jina lile lile, umbo lile lile, lakini toleo la pili na la tatu, v2 na v3, zina chipu ya Realtek, kitu chengine kabisa hicho. Ukishakichomeka andika lsusb, amri ya kuonesha vilivyochomekwa USB, ukiona namba 0cf3:9271 ndicho chenyewe.

Ubaya wake kinashika masafa ya 2.4 GHz tu, na ile spidi ya 150 Mbps ni ya kwenye boksi, usiitarajie. Halafu antena inachomoza, mtoto wa dada keshaigonga mara mbili. Lakini nikikaa barazani nje, ukuta wa mawe katikati, kinashika kuliko ilivyokuwa kadi ya ndani. Nakipa nyota nne, ya tano kingeipata kingekuwa na 5 GHz.