Boti ya Mtumba Entebbe: Gonga Tezi Kabla Hujahesabu Fedha

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo nipo ufukweni Entebbe, na boti iliyo nyuma yangu ni ya faibaglasi, urefu wake futi 23, ikiwa na injini ya nje ya mipigo miwili yenye nguvu za farasi 40. Jana nilimwomba mwenye boti kwa simu asiiwashe kabla sijafika, kwa kuwa injini iliyokwisha kupata moto huitika kwa mvuto mmoja hata kama ni mbovu. Nilipoigusa asubuhi niliikuta baridi, nikamshukuru mzee huyo kwa uungwana wake.

Wanunuzi wengi hukimbilia injini. Mimi huanza na tezi, yaani ule ubao wa nyuma unaobeba injini, kwa sababu injini hubadilishwa kwa siku moja, lakini tezi iliyooza humlazimu fundi kuifumua boti. Ndani ya faiba ya tezi mara nyingi mna plaiwudi, na kila tundu la bolti lisilozibwa vizuri huingiza maji taratibu mpaka ubao ugeuke uji, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Sikilizeni ninavyogonga kwa mpini wa bisibisi: hapa sauti ni kavu, hapa vilevile, lakini chini ya bolti ya kushoto inafifia kama ninagonga papai bivu. Sasa naishika injini kwa juu na kuisukuma mbele na nyuma. Tezi haichezi wala haina ufa, kwa hiyo naona unyevu umekamata sehemu ndogo tu. Boti yangu ya kwanza sikuigonga hata mara moja. Niliridhika na rangi yake ya buluu, na mwezi wa pili injini ikaanza kuinama kama mzee anayesinzia kanisani.

Mkuku, yaani uti wa chini wa boti, una mikwaruzo ya mawe, jambo la kawaida kwa boti inayovutwa ufukweni.

Tuje kwenye gia zinazozungusha propela, chini ya injini. Nimelegeza skrubu ya chini, ambako maji hutangulia kutoka kwa kuwa ni mazito kuliko oili, na mnaona wenyewe: oili hii ina rangi ya chai ya maziwa. Maana yake sili ya shafti, ule mpira unaozuia maji kuingia kwenye gia, imeachia. Mara nyingi chanzo huwa nyuzi za nyavu zinazojiviringisha nyuma ya propela, na kweli nimezikuta hapo, zimechanganyika na mizizi ya gugumaji. Sili yenyewe si ghali. Swali ni muda ambao gia zimezunguka ndani ya maji. Kwenye injini yenyewe, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda zake mbili ni pauni 118 na 112 kwa inchi ya mraba, tofauti ndogo isiyonitia wasiwasi.

Ziwa letu halina chumvi, lakini boti hii iliingia kupitia Mombasa baada ya kutumika baharini, na ukungu wa kijani kwenye nyaya za betri unaendana na hilo. Tena, Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huipunguzia injini ya namna hii takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Propela iliyochaguliwa kwa ajili ya bahari yaweza kuwa nzito mno kuzungushwa hapa, na huenda ndiyo maana tulipoijaribu boti ziwani kwa kasi yote, injini haikufikia mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji. Maji ya kupozea, hata hivyo, yalitoka kwa nguvu dakika zote kumi.

Kuhusu hati, Sheria ya Usafiri wa Majini ya Uganda ya mwaka 2021 inadai usajili, nami nimelinganisha namba ya injini na karatasi, zinapatana. Anayetaka kuvulia samaki aiache, kwa kuwa boti ya uvuvi katika ziwa hili, upande wa Uganda, hutakiwa kuwa na urefu usiopungua futi 28.

Kwa bei aliyoitaja sinunui. Nimemwambia mzee abadilishe sili na kutia oili mpya, kisha tuzunguke saa moja na kuifungua tena skrubu ile mbele ya kamera. Oili ikitoka safi, nitalipa bei yake nikiondoa gharama ya fundi wa tezi. Ikitoka tena na rangi ya chai ya maziwa, boti itabaki kwake.