Kesi za makampuni ya teknolojia, uzisome mwenyewe: mapitio ya CourtListener

Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, habari za makampuni ya simu hutufikia zikiwa tayari zimegeuzwa utani. Apple ikishitakiwa, kabla sijajua imeshitakiwa na nani, kijana wa meza ya jirani ameshatupa dongo lake na kijiwe kizima kinacheka. Napenda utani huo, na mimi mwenyewe huchangia. Lakini ninatengeneza simu, wateja wananiuliza maswali ya kweli, na dongo la kijiweni halimwambii mteja kama anadai hela au hadai. Ndiyo maana nataka kuisifia CourtListener, tovuti ninayoifungua kila kesi kubwa ya teknolojia inapozuka Marekani.

CourtListener inaendeshwa na Free Law Project, shirika lisilo la faida la hukohuko Marekani. Ndani yake kuna hukumu, majalada ya kesi za mahakama za shirikisho (yaani za serikali kuu, si za majimbo), na rekodi za sauti za mawakili wakibishana mbele ya majaji wa rufaa. Kusoma ni bure, na huhitaji hata kujisajili. Mtu wa Kariakoo mwenye bando la siku anafungua karatasi ileile anayoifungua wakili wa New York, na hilo pekee linatosha kunifanya niipende.

Ubure huo una historia. Mahakama za shirikisho za Marekani zina mfumo wao rasmi wa nyaraka, PACER, na PACER inatoza senti 10 za dola kwa kila ukurasa. Ukitafuta tu jina la kesi, kurasa za majibu nazo zinahesabiwa. Waraka mmoja wa kawaida hauzidi dola 3, na usipovuka dola 30 ndani ya miezi mitatu unasamehewa deni. Hukumu zenyewe hazilipiwi. Lakini maombi, viapo na vielelezo, yaani kesi yenyewe inavyopiganwa, vyote vinapita kwenye mita. Kwa kampuni ya mawakili hiyo ni hela ya chai. Kwa fundi anayetaka kujua tu wamefikia wapi, na ambaye hata kadi ya kulipia mtandaoni hana, mlango ni mzito.

Mwaka 2009 watu wa Chuo Kikuu cha Princeton walitoa programu ndogo ya kuweka kwenye kivinjari, RECAP. Mtu aliyeiweka akilipia waraka PACER, nakala yake inakwenda yenyewe kwenye ghala la wazi, na anayefuata anausoma bure. Leo RECAP iko chini ya Free Law Project na ghala lake liko ndani ya CourtListener. Humo zimo pia nyaraka alizozishusha Aaron Swartz, kijana wa Kimarekani mtaalamu wa kompyuta, mwaka 2008, wakati maktaba chache zilipopewa PACER ya bure kwa majaribio. Alishusha karibu kurasa milioni 20 kabla majaribio hayajakatishwa. FBI walimchunguza wakakuta hakuna kosa la kumshitaki. Alifariki Januari 2013, akiwa na miaka 26, huku akikabiliwa na kesi nyingine ya kushusha makala za kitaaluma. Kila ninaposoma waraka wa zamani bila kulipa namkumbuka kijana huyo kwa heshima.

Sasa matumizi. Wengi wanaogopa namba za kesi, lakini ukishazielewa zinasomeka kama namba ya modeli nyuma ya simu. Chukua 4:20-cv-05640-YGR. Hiyo 4 ni ofisi ya Oakland ya mahakama ya wilaya ya kaskazini mwa California. 20 ni mwaka 2020. cv ni kesi ya madai, si ya jinai. 05640 ni namba ya foleni, na YGR ni herufi za jaji, Yvonne Gonzalez Rogers. Hiyo ni kesi ya Epic, kampuni yenye mchezo wa Fortnite, dhidi ya Apple. Andika namba hiyo kwenye kisanduku cha kutafutia na jalada zima linafunguka, kila waraka na tarehe yake tangu Agosti 2020.

Kesi hii imechekwa sana mtaani. Wengi wanajua tu kwamba watu wa mchezo wa kompyuta walimgomea Apple kuhusu asilimia 30 anayokata kwa kila kinachouzwa ndani ya programu. Utani wenyewe ulikuwa kwamba Apple alishinda akaenda kulala. Ukisoma jalada unakuta mambo mengine. Mwaka 2021 jaji aliikatalia Epic karibu madai yote, lakini akaiamuru Apple iache kuwazuia watengeneza programu kuwaelekeza wateja sehemu nyingine ya kulipia. Apple ikaruhusu viungo hivyo, kisha ikatangaza kwamba anayelipa kupitia kiungo cha nje naye atakatwa, asilimia 27. Jaji akaitisha nyaraka za ndani na mashahidi. Tarehe 30 Aprili 2025 akatoa uamuzi wa kurasa 80 kwamba Apple ilikaidi amri yake kwa makusudi, kwamba mkubwa mmoja wa idara ya fedha alisema uongo waziwazi akiwa chini ya kiapo, na akapeleka suala hilo kwa waendesha mashtaka waangalie kama kuna jinai ya kudharau mahakama.

Kurasa hizo 80 nilizisoma usiku kucha, na zina ucheshi mkali kuliko wowote niliousikia kijiweni. Jaji anaeleza kwamba Phil Schiller, mzee wa siku nyingi wa Apple, alishauri amri itiiwe, kwamba Tim Cook, bosi mkuu wa Apple wakati huo, hakumsikiliza akawafuata watu wa fedha, halafu anafunga suala hilo kwa kusema tu kwamba Cook alichagua vibaya. Mahali pengine anawakumbusha kwamba alichotoa ni amri, si majadiliano. Maneno machache, kavu, yametoka kwa mtu mwenye mamlaka aliyechoka kuchezewa. Nilipomsomea jirani yangu sehemu ile alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nirudie. Siku ile dongo lake la Apple lilikuwa bora zaidi, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Mfano mwingine ninaowapa watu ni 1:22-cv-01461, Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mahakama ya Manhattan. Bwana mmoja alidai kwamba toroli la kuhudumia abiria lilimuumiza goti ndani ya ndege. Ingekuwa kesi ndogo isiyojulikana na mtu, ila mawakili wake waliwasilisha hoja zenye hukumu za zamani zilizotungwa na ChatGPT. Utani uliofika huku ni kwamba akili mnemba imewafukuza mawakili kazi. Fungua jalada. Ndani ya kiapo cha mmoja wao kuna picha za skrini, anaiuliza ChatGPT kama kesi mojawapo ni ya kweli, nayo inamjibu kwamba ni ya kweli na inapatikana kwenye hifadhi kubwa za sheria. Nilizitazama picha zile kwa muda mrefu. Hakuna mwandishi wa habari ambaye angeweza kunieleza jambo hilo vizuri kuliko picha yenyewe, mtu mzima, msomi, anaiuliza mashine kama inamdanganya.

Uamuzi wa Jaji Castel wa Juni 2023 nao uko hapo, na unasema kitu ambacho utani ulikipoteza. Jaji hakuwaadhibu kwa kutumia chombo kipya. Alisema wazi kwamba kutumia msaada wa akili mnemba si kosa lenyewe. Kosa ni kwamba walipoulizwa hukumu hizo ziko wapi, waliendelea kuzishikilia. Wakatozwa dola 5,000, na wakaamriwa kuwaandikia barua majaji ambao majina yao yalibandikwa kwenye hukumu za uongo. Hiyo sehemu ya barua ndiyo ninayoiona nzito zaidi, na sikuwahi kuisikia popote mpaka nilipoisoma mwenyewe.

Huduma hii imeniletea pia faida ya moja kwa moja mezani. Mwanzoni mwa 2024 malipo ya kesi ya betri za iPhone yalipoanza kutoka Marekani, alikuja mzee mmoja ameshika iPhone 6 yenye kioo kilichopasuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Nasikia Apple wanawalipa wenye simu hizi. Kuna kijana ananiambia nimpe elfu ishirini anijazie fomu."

Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, nikafungua jalada 5:18-md-02827, la San Jose. Kesi ilihusu Apple kupunguza mwendo wa simu zenye betri iliyochoka bila kuwaambia wenye simu, na ilimalizwa kwa maelewano ya hadi dola milioni 500. Iphone 6 imo kweli kwenye orodha. Lakini makubaliano yanawahusu wamiliki wa Marekani tu, na mwisho wa kuomba ulikuwa tarehe 6 Oktoba 2020. Nikamwonyesha mstari wenye tarehe kwa kidole. Akauliza kama hakuna namna. Nikamwambia, "Hakuna baba, na huyo kijana usimpe hata mia." Mzee alisikitika kuhusu Apple, lakini elfu ishirini yake alirudi nayo nyumbani, ukiondoa aliyonilipa kwa kioo.

Kasoro zipo, na nazisema kwa sababu nataka huduma hii ikue. Kubwa ni kwamba ghala linategemea watu. Waraka ambao hakuna aliyeulipia na RECAP yake ikiwa imewashwa unaonekana kwenye orodha kwa jina tu, na kitufe kinakupeleka PACER ukanunue. Kesi maarufu zimejaa karibu kila kitu. Kesi ndogo, kama za wauza vipuri wanaogombana na makampuni, mara nyingi ni mifupa mitupu. Halafu majalada yenyewe ni ya mahakama za shirikisho. Elon Musk alipoishitaki OpenAI, wenye ChatGPT, Februari 2024 alianzia mahakama ya jimbo, San Francisco, na huko CourtListener haikunisaidia. Alipoifuta na kufungua upya mahakama ya shirikisho Agosti mwaka huohuo, ndipo nikaweza kuifuata karatasi kwa karatasi.

Kwa simu ndogo tovuti inasomeka, lakini pidiefu za vielelezo ni nzito na zitakumalizia bando, kwa hiyo mimi hushusha zile kubwa usiku kwa bando la usiku. Sauti za mabishano ya rufaa ni tamu kusikiliza huku unachomelea, ila nazo zinakula data. Kila kitu ni Kiingereza, tena Kiingereza cha mahakamani. Anayeanza atahitaji uvumilivu kidogo, na rafiki wa kumuuliza.

Nikilinganisha na za kwetu, siwezi kuacha kuitaja TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure, nyingine kwa Kiswahili, na Kenya Law ya Nairobi, ambayo ni bure pia. Kesi kubwa ya teknolojia iliyo karibu nasi kuliko zote, ya Daniel Motaung dhidi ya Sama, kampuni iliyomwajiri, na Meta, wenye Facebook, kuhusu hali ya kazi ya yeye na wenzake waliokuwa wakichuja picha na video mbaya za Facebook kutoka Nairobi, nimeifuata kupitia Kenya Law. Februari 2023 mahakama ya kazi ilisema Meta inaweza kushitakiwa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa ya Meta. Uamuzi unaupata. Usichokipata ni viapo vya wafanyakazi wenyewe, maombi ya kampuni, majibu, picha za skrini, mambo ambayo kwa kesi ya goti la Manhattan ninayo yote kwenye simu yangu. Inaniuma kwamba najua mengi zaidi kuhusu abiria wa Avianca kuliko kuhusu vijana wa Nairobi waliofanya kazi ile. Natamani sana mtu aliye karibu na mahakama zetu aanzishe ghala la namna hii.

Kwa fundi mwenzangu anayetaka kuanza: usianze na hati ya madai, kwa sababu pale kila upande unajisifia. Geuza mpangilio wa jalada ili mapya yawe juu, tafuta waraka ulioandikwa kuwa ni amri ya jaji, na usome huo kwanza. Jaji huwa anaeleza kesi yote tangu mwanzo kabla hajaamua. Ukiipenda kesi, fungua akaunti ya bure uweke arifa, na kila waraka mpya ukiingia barua pepe inakujia. Na kama una ndugu Marekani anayetumia PACER kazini, mwombe aweke RECAP kwenye kivinjari chake. Haimgharimu chochote, na waraka atakaoununua asubuhi sisi tutausoma mchana.