Seti ya diski tano za Planet of the Apes: inunue kwa ajili ya Daktari Zira

Nasomesha baiolojia skuli ya sekondari Wete, na seti hii niliitafuta kwa sababu ya Zira. Niliipata duka moja Darajani nilipovuka kwenda Unguja. Filamu ni tano, za 1968 hadi 1973, na habari yake ni dunia ambayo sokwe na jamaa zao wanasema na kutawala, na binadamu ndio wanyama.

Zira ni sokwe, mtaalamu wa tabia za wanyama, na wanyama anaowachunguza ni binadamu. Anapoletewa mwanaanga Taylor (Charlton Heston), aliyeumia koo hata hawezi kutamka neno, yeye ndiye wa mwanzo kuona kwamba kiumbe huyu anafahamu. Basi anaufuata ushahidi, hata mbele ya wazee wa kiorangutani, wale nyani wakubwa wa manyoya mekundu, wanaoona kauli zake ni kufuru. Kim Hunter kavikwa uso wa bandia wa John Chambers, aliyepewa Oscar ya heshima kwa kazi ile. Lakini itazameni pua ya Zira anapokasirika, ile hasira ni ya Kim mwenyewe.

Diski ya tatu, ya 1971, ndiyo inayostahiki pesa yenu. Zira na mumewe Cornelius, naye sokwe, wamerudi nyuma katika zama wakafika Marekani inayotawaliwa na binadamu, sasa wao ndio wanaopimwa. Anapanga masanduku vizuri, anaifikia ndizi, haichukui. Wapimaji wakishangaa, anawaambia hapendi ndizi! Binti yangu alicheka mpaka akalala mkekani. Baadaye Zira anachomwa sindano ya kumlegeza ulimi, na anakiri kwamba aliwapasua watu ili asome miili yao.

Hapo niliisimamisha. Nami nawapasulisha wanafunzi panya. Huyu tuliyempenda kwa huruma yake ndiye huyu huyu mwenye kisu, na filamu haimsafishi wala haimgeuzi shetani. Mama, niliyekuwa nikimfasiria, aliuliza: "Mwanangu, na hao panya wenu nani aliwauliza?" Sijamjibu, ila nimeamua wanafunzi wangu waione sehemu hii kabla hawajashika kisu.

Kasoro zipo. Diski niliyouziwa haina maandishi ya Kiswahili. Ya pili Zira anaonekana kidogo, na Cornelius kachezwa na mwengine badala ya Roddy McDowall. Ya nne na ya tano ni habari za mwanawe, Caesar. Mwisho wa ile ya tatu ni mzito mno, watoto wadogo wasioneshwe.

Kama pesa haitoshi, muombeni muuzaji awape ya kwanza na ya tatu peke yake.