Banda la gari la kulala: lipi ujenge, lipi uliache dukani

Mtu akishaweka hema juu ya keria ya Land Cruiser, au akishageuza Coaster kuukuu kuwa chumba chenye kitanda, friji na jiko la gesi, mfuko huwa umeshatoboka. Banda la kuliegesha linaachwa la mwisho, na gari linakaa juani likisubiri likizo. Turubai la hema linapauka. Tairi zinaota nyufa ubavuni kabla hazijawa kipara. Gundi iliyoziba matundu ya paa inakakamaa, na masika yakiingia maji yanadondokea godoro.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la namna hiyo na uwanja wake mwenyewe, iwe Arusha, Morogoro au Kigamboni. Nimezipanga aina za mabanda kuanzia ninayoipendekeza zaidi, ila nataja mapema ninakoegemea: fedha ziende kwenye nguzo na msingi. Paa hubadilishwa kwa siku moja. Nguzo nyembamba ikishasimama, umefungwa nayo.

Pima gari likiwa tupu

Kimo cha kwenye makaratasi ni cha gari lilivyotoka kiwandani. Coaster ni karibu mita 2.6, ikishabebeshwa paneli za sola na kiyoyozi cha juu inakaribia mita 3. Land Cruiser yenye keria na hema lililofungwa hufika mita 2.3 hadi 2.5. Pima likiwa limepakuliwa kila kitu, maana mzigo ukitoka springi zinapanda na gari linaongezeka sentimita kadhaa.

Mwenye hema la juu ana kipimo cha pili, na wengi hawakifikirii: hema likiwa limefunguliwa. Hema lililokunjwa likiwa bichi huota ukungu ndani ya siku chache, na madoa ya ukungu kwenye turubai ni ya kudumu. Ukinyeshewa asubuhi ya mwisho wa safari, inabidi ulifungue tena nyumbani likauke. Lililofunguliwa husimama kama mita 1.2 au zaidi juu ya keria, kwa hiyo unahitaji karibu mita 3.5 za wazi chini ya boriti. Gharama inayoongezeka ni ya vipande vya nguzo tu. Bila nafasi hiyo utakuwa umejenga banda la gari la kawaida.

Chini ya boriti, nasisitiza. Paa la mteremko mmoja lina upande wa juu na wa chini, na fundi akiulizwa kimo atakutajia ule wa juu. Kwa upana wa mita 4 na mteremko wa sentimita 10 kwa kila mita, pande hizo mbili zinapishana kwa sentimita 40. Toa tena unene wa boriti yenyewe. Pembeni acha walau sentimita 90 ili milango ifunguke na mtu apite. Coaster ndefu ina karibu mita 7, hivyo banda lake litakuwa kama mita 4 kwa 8.5. Na kabla hujanunua kipande cha chuma, pima geti: wapo wenye boriti ya zege juu ya geti ambayo gari lao halipiti kabisa.

1. Bati juu ya fremu ya chuma

Hili ndilo chaguo langu la kwanza, Bara na Pwani. Linazuia jua na mvua, halishiki moto, kila mji una fundi wa kuchomelea anayeweza kulitengeneza, na likiharibika sehemu unabadilisha bati moja.

Chagua bati la migongo mipana, geji 28. Kumbuka geji huhesabiwa kinyume: namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na geji 32 utaiona ikipigapiga kwa upepo mdogo. Ukiwa karibu na bahari, lipia bati lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, tena la rangi. Bati la zinki tupu halidumu na hewa ya chumvi. Rangi iwe ya mwanga, nyeupe au ya maziwa. Bati jeusi linapendeza kwenye picha lakini linapika kilichoko chini yake. Lishikwe kwa skrubu zenye vipete vya mpira. Misumari hulegea.

Kwenye chuma ndiko watu wanakopunjwa. Skwea paipu ya milimita 100 kwa 100 yenye unene wa milimita 3 na ile ya milimita 2 ukizitazama kwa nje ni pacha. Mizani haidanganyi: urefu wa mita 6 wa ile ya milimita 3 una kilo 54 hivi, wa milimita 2 una kilo 36. Omba zipimwe dukani kabla ya kulipa, na mwenye duka akinuna nenda la jirani. Kwa banda la kimo hiki nataka nguzo sita za milimita 3, tatu kila upande. Yale mabanda yenye nguzo upande mmoja tu yanapendeza kwa gari dogo; kwa paa pana na refu kwenda juu yanadai chuma kizito na msingi mkubwa mno, na mafundi wengi hukisia tu.

Kelele ya mvua ipo, ila hakuna anayelala bandani.

2. Turubai zito la PVC lililovutwa

Ni yale mapaa meupe yanayoonekana kwenye maegesho ya hoteli na maduka makubwa. Turubai hilo linazuia mvua, ni jepesi na halipati kutu. Limekuwa la pili kwa sababu mbili. Lazima livutwe na mtu anayejua kazi yake, maana likilegea tu maji yanatuama katikati na uzito unalichana. Pia likichanika huchomei kipande cha kawaida, unamwita aliyelitengeneza. Kama uko Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, ambako mafundi wake wanapatikana, lifikirie. Kwingine rudi kwenye bati.

Lisichanganywe na turubai la kufunikia mizigo ya lori. Hilo likitandazwa kwenye fremu halimalizi mwaka likiwa zima.

3. Makuti

Kwa watu wa Pwani, hakuna kivuli kinachopoza kama makuti yaliyoezekwa vizuri, na upepo wa kusi ukipita chini yake unaweza kuacha milango ya gari wazi mchana kutwa. Lakini paa lake linataka mteremko mkali, kama nyuzi 45, ili maji yasipenye. Kwa gari refu hiyo inamaanisha paa kubwa linalopanda juu sana. Utaliezeka upya kila baada ya miaka michache. Chini yake utakuwa umeegesha gari lenye mtungi wa gesi na jiko, na hapo ndipo ninapositasita. Ukiliamua, mtungi ushuke garini kila mara na kusiwe na kupika bandani.

4. Neti ya kivuli

Mkoba ukiwa mwepesi, anza na neti, kwa sharti kwamba fremu ijengwe tangu mwanzo kwa ajili ya bati. Mwaka huu unafunga neti, mwakani ukipata fedha unapiga bati juu ya nguzo zilezile. Nunua ile ya kiwango cha asilimia 80 au 90 iliyotiwa dawa ya kuhimili jua; zile nyembamba za bustanini hazitoshi. Mvua inapita kama kawaida, hivyo haimsaidii mwenye paa linalovuja. Chini ya miti inashika majani na vinyesi vya ndege, na vinapolowa vinadondokea rangi ya gari.

5. Polikaboneti

Ni karatasi za plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Inaleta mwanga mzuri na ubora wake unatofautiana mno. Upande mmoja wa karatasi ndio wenye utando wa kuzuia mionzi ya jua. Fundi akiugeuza, karatasi inakuwa njano na kukatika. Pia hutanuka sana kwa joto: karatasi ya mita 6 hurefuka kwa zaidi ya sentimita 1 joto likipanda nyuzi 30, kwa hiyo matundu ya skrubu lazima yawe mapana kuliko skrubu. Kwa ukumbi wa mbele sawa. Kwa gari linalokimbia jua, sioni sababu.

6. Banda la kwenye boksi

Mabomba membamba, kitambaa, vigingi vya kupigilia ardhini. Acha.

Kuusimamisha mzigo usiruke

Banda halina kuta, hivyo upepo unaingia chini na kusukuma paa juu. Chukua paa letu la mita 4 kwa 8.5. Mabati yake hayafiki kilo 150. Upepo wa kilomita 108 kwa saa, wa dhoruba, una msukumo wa kama kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Kwa paa zima ni karibu tani 1.9. Kinachozuia ni zege lililoko ardhini. Shimo la sentimita 60 kila upande na kina kilekile, likijazwa zege, lina zaidi ya kilo 500. Nguzo sita zinakupa tani 3, na sasa unaweza kulala. Fundi akikuambia futi moja inatosha, mwonyeshe hesabu hii.

Mchanganyiko wa kawaida, saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, unatosha. Zege lipande juu ya ardhi sentimita 10 hadi 15, na nguzo isimame juu yake kwa pleti na bolti. Nguzo iliyofukiwa moja kwa moja huoza pale pale inapokutana na udongo. Mwagilia zege na usipandishe paa kabla ya siku 7. Kila palipochomelewa pasuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kabla umande haujapagusa.

Nguzo zikishafungwa kwenye zege hilo, banda ni jengo. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, ujue kama halmashauri inadai kibali; kwa walioko Kenya ni ofisi za kaunti. Ukiwa mpangaji, maandishi ya mwenye nyumba kwanza.

Uwanja ukiruhusu, urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi. Mchana kwetu jua liko karibu na utosi na paa linalimudu. Linaloingia ubavuni ni la asubuhi na la alasiri, na kwa mpangilio huo linakuta upande mfupi tu. Ule wa magharibi ukiwa hauingilii hapo, ning'iniza neti.

Weka gata. Mvua ya milimita 50 kwenye paa hili ni lita 1,700, na bila gata zote zinachimba kando ya nguzo zako.

Kitu kimoja husahaulika hadi friji iharibu nyama: gari lenye paneli za sola juu yake, likiingia chini ya bati, halichaji tena. Zima friji, au hamishia paneli moja juu ya banda na ushushe waya wenye fyuzi hadi kwenye betri. Tanzania iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo paa likiteremkia kaskazini paneli hiyo italazwa juu ya bati bila kutengenezewa stendi.