Miezi minne ya Scratch na binti yangu: mfano uliovunjika ndio uliomfundisha

Nilianza vibaya. Kabla ya Scratch nililipia programu moja ya kishikwambi iliyoahidi kumfundisha mtoto kuandika programu za kompyuta kwa njia ya michezo. Binti yangu, mwenye miaka tisa, alimaliza ngazi zote kwa wiki mbili, akajikusanyia vikombe na medali za kila rangi. Nikamwambia anitengenezee kitu chochote, hata mpira unaodunda tu. Akapekua huku na huku, kisha akanigeukia: "Mama, hapa hakuna pa kuanzia." Kweli hapakuwa napo. Kila kitu mle kilikuwa fumbo lenye jibu moja, naye alikuwa amejifunza kubahatisha jibu.

Ndipo tukahamia Scratch. Kwa asiyeifahamu: ni lugha ya kumfundisha mtoto kuandika programu, ni ya bure, ilizaliwa MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2007, na toleo la 3 tunalotumia lilitoka Januari 2019. Mtoto haandiki amri. Anaburuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine, na visivyopatana vinakataa kushikana, hivyo yale machozi ya alama moja iliyosahaulika hayapo. Pembeni kuna jukwaa, na juu yake paka wa rangi ya chungwa anangoja kuamrishwa. Inafunguka kwenye kivinjari bila akaunti, na ipo ya kupakua kwa wanaokaa bila intaneti. Ukifungua mipangilio (Settings) na kubonyeza alama ya dunia utakuta orodha ya lugha, Kiswahili kikiwemo. Sisi tulikichagua siku ya kwanza.

Mfano wa kwanza niliompa ni mraba. Nenda hatua 100, geuka nyuzi 90, rudia mara 4. (Kalamu ya kuchorea haionekani mwanzoni, iko kwenye viongezo, kitufe cha chini kabisa kushoto. Nilitumia dakika kumi kuitafuta huku mwanafunzi wangu akipiga miayo.) Mraba ukatoka, akafurahi kidogo, basi. Laiti ningeishia hapo, ningesema kama wazazi wengi wanavyosema, kwamba mtoto amejifunza kurudia amri. Hakuwa amejifunza. Alikuwa amenakili.

Kilichofuata ndicho kilichonifumbua macho. Nilimwambia abadilishe mraba uwe pembetatu. Akaweka mara 3, akaweka nyuzi 60, maana shuleni wameambiwa pembe za pembetatu yenye pande sawa ni nyuzi 60 kila moja. Paka akachora kitu kama bakuli lililolazwa ubavu, wazi upande mmoja. "Kompyuta imekosea," akasema. Nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza. Nikamwambia asimame, sakafu iwe jukwaa, yeye awe paka. Akatembea upande wa kwanza, akafika kwenye kona, akaanza kugeuka, akasita. Alikuwa ameng'amua kwa miguu yake kwamba ili urudi kuelekea ulikotoka lazima ugeuke sana, zaidi ya robo ya mzunguko. Anayetembea hageuki ile pembe ya ndani. Anageuka ya nje, yaani nyuzi 120.

Wazo la mtoto kuwaza kwa mwili wake si langu, ni la zamani. Lugha ya programu iitwayo Logo, ya mwaka 1967, ambayo mwanahisabati Seymour Papert alikuwa mmoja wa waasisi wake, ilikuja kuwa na kobe wa kuchora aliyeamrishwa hivi hivi, na Scratch ni mjukuu wa ukoo huo. Lakini kusoma habari hizo ni kitu kimoja na kumwona mwanao amesimama katikati ya sebule akijihesabia nyuzi ni kingine.

Lile bakuli hatukulifuta. Alibadilisha 3 kuwa 6, likajifunga lenyewe likawa umbo la pembe sita. Baada ya hapo hakukamatika. Mara 8 kwa 45. Mara 5 kwa 72. Mara 360 kwa nyuzi 1 (hapo punguza hatua, la sivyo paka anafika ukingoni na kukwama: jukwaa lina upana wa 480 na kimo cha 360 tu). Akagundua kwamba idadi ya pande ukiizidisha kwa pembe ya kugeuka unapata 360 kila mara. Nikamwekea mara 5 kwa 144, ikatoka nyota, na hesabu ikagoma kwa sababu ilitoa 720. Kwa nini? Alikaa na swali hilo hadi kesho yake asubuhi: paka amezunguka mara mbili.

Kwa hiyo nikabadili namna ya kutoa mifano. Sasa simpi mfano uliokamilika. Nampa ulio na kosa moja, na kosa lenyewe liwe la aina ambayo programu inakimbia vizuri ila inafanya jambo la ajabu. Mchezo wetu wa pili ulikuwa wa kudaka nyota zinazoanguka kwa kikapu kinachofuata kipanya. Kwa mchezo wa vipande visivyozidi ishirini, ulitupa makosa matatu ya thamani, na mawili sikuyapanga mimi.

La kwanza nililitega: swali la "kama nyota imegusa kikapu" niliacha liulizwe mara moja tu, pale bendera ya kijani, ile ya kuanzisha mchezo, inapobonyezwa. Nyota ikapita katikati ya kikapu bila alama kuongezeka. Watoto (na wakubwa wengi) hudhani kompyuta inaangalia muda wote. Haiangalii mpaka uiambie iangalie daima. La pili lilijileta: mchezo ulipoanza upya, alama zilibaki za mchezo uliopita, kwa kuwa hakuna aliyeamuru ziwe sifuri. La tatu ndilo nililolipenda. Nyota moja ilimpa alama nyingi kwa mkupuo badala ya moja. Binti yangu alitaka kuliacha hivyo hivyo, "ni zawadi, Mama." Lakini udadisi ukamshinda. Scratch huzungusha maagizo ya aina hiyo kama mara 30 kwa sekunde, na nyota haipiti kikapuni papo hapo, hivyo kila mzunguko unaoikuta bado inagusa unaongeza alama. Dawa yake ni kuirudisha nyota juu mara tu alama inapoongezwa. Alilitatua mwenyewe, baada ya kuipunguzia nyota kasi na kuitazama ikivujisha alama tone kwa tone.

Sasa niseme kilichotupotezea muda. Miradi yote iliyoshirikiwa kwenye tovuti ya Scratch unaweza kuifungua na kuona ndani yake, na unaruhusiwa kuibadilisha na kuifanya yako. Kwa kanuni ni jambo zuri sana. Kwa mtoto wa miaka tisa katika wiki ya tatu ilikuwa balaa. Alichukua mchezo mkubwa wenye mamia ya vipande, akabadilisha rangi ya mhusika, akaja kunionyesha "mchezo wangu". Alipotaka kumwongezea mhusika uwezo wa kuruka juu zaidi, hakujua pa kugusa, akagusa kila mahali, ukafa. Wiki mbili zikaenda hivyo, na kosa ni langu, nilidhani mfano mkubwa unafundisha makubwa. Sasa kipimo changu ni kimoja: mfano wote uonekane kwenye kioo bila kushusha ukurasa. Usipoenea, bado si wake.

Jingine ni kuhifadhi. Ukitumia bila akaunti, kazi ni lazima uipakue mwenyewe kwenye kompyuta, inakuwa faili la .sb3. Nilifunga kivinjari usiku mmoja nikiwa nusu usingizini, na ile picha ya duara la nyota aliyoishughulikia jioni nzima ikaenda nayo. Nimeombwa nisimwambie mtu, lakini nimesamehewa.

Mdogo wake ana miaka sita na kusoma bado kunamchukua muda. Huyo nimempa ScratchJr, ambayo vipande vyake ni michoro mitupu, ya umri wa miaka 5 hadi 7. Anapeleka paka mbele na nyuma na kurekodi sauti yake akicheka. Sidai zaidi ya hapo.

Ningempendekezea nani Scratch? Mzazi au mwalimu aliye tayari kukaa kando ya mtoto nusu saa na kufunga mdomo. Mwenye haja ya kitu cha kumshughulisha mtoto wakati yeye anapika au anajibu barua pepe hatapata anachokitaka. Mtoto atacheza michezo ya wengine. Na kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu anayechapa haraka kwenye kibodi, huenda ukaruka moja kwa moja hadi Python, lugha ya programu ambayo amri zake huchapwa kwa maneno. Nayo ina moduli ya kobe wa kuchora, na mraba ule ule wa hatua 100 na nyuzi 90 unaandikika kwa mistari minne. Tulijaribu mara moja. Binti yangu alisahau nukta mbili mwishoni mwa mstari wa kurudia, akapata ujumbe mwekundu, akaniambia turudi kwa paka. Tumerudi.

Jumamosi aliniita, akanikalisha kwenye kiti chake. Ameunda mchezo wa popo anayekwepa umeme, na ametia kosa moja makusudi, nilitafute. Dalili: popo hufa mara ya pili tu, kamwe si ya kwanza. Yeye amesimama nyuma yangu, kimya, mikono kifuani, kama ninavyomfanyia. Mpaka naandika haya sijalipata.