Tahadhari: mafundi wa mitandaoni wanaosafisha na kupanga vioo vya darubini

Kama una darubini ya kutazamia nyota ya kioo nyumbani, yaani inayokusanya mwanga kwa kioo cha kuakisi badala ya lenzi, kiwe cha kipenyo cha milimita 76, 114 au 130, soma hapa kabla hujamwita mtu aliyejitangaza WhatsApp au Instagram kwamba anafanya "sevisi ya darubini". Wapo wanaoijua kazi hii. Wapo pia wanaokuja na ujuzi wa kufuta vioo vya gari, na kioo wakishakipitia mara moja hakirudi tena kama kilivyokuwa.

Wanaanza na tochi. Fundi anainamisha bomba, anamulika ndani kwa tochi ya simu, kisha anakuita uone: kioo kimejaa vumbi na madoa, utadhani kimenyunyiziwa unga. Anakwambia kimekufa, na bila kukisafisha leo hutaona kitu. Usibabaike. Kioo chochote cha darubini, hata kilichotoka dukani juzi, ukikimulika kwa upande kinatisha. Vumbi lile linazuia mwanga kidogo mno. Ikiwa bado unaziona pete za Zohali na ile mikanda ya Mshtarii, kioo hakina haraka. Kinachotunzwa na kifuniko chake hukaa hata miaka miwili au mitatu bila kuoshwa. Cha kuosha ni kilicho na alama za vidole, kinyesi cha mjusi, au ukungu ulioanza kutambaa, jambo la kawaida kwa watu wa Mombasa, Unguja na Dar ambako hewa ina unyevu na chumvi.

Halafu inatoka chupa ya dawa ya madirisha na kitambaa. Hapo mzuie mkono. Kioo cha bafuni kina rangi yake ya fedha nyuma, kioo chenyewe kinailinda. Cha darubini kina utando wa alumini juu kabisa, upande unaoutazama, wenye unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Dawa nyingi za madirisha zina amonia, na amonia inaila alumini. Kitambaa nacho, hata kile laini cha maikrofaiba, kinaburuta chembe za mchanga juu ya utando huo. Matokeo ni mikwaruzo ya duaraduara inayotawanya mwanga, na kila ukiutazama Mwezi unauona umezungukwa na ukungu. Spiriti ya zambarau ya dukani inaacha rangi na mabaki. Sanitaiza ya jeli nayo haifai.

Kioo kikishaharibika, fundi huyo huyo anakuuzia dawa ya pili: "tutakipaka upya". Mwulize atakipaka na nini. Alumini ya kioo cha darubini huvukizwa ndani ya chemba iliyofyonzwa hewa yote. Haipuliziwi kwa kopo, haipakwi kwa brashi. Anayesema atakirudisha kesho kutwa, huenda anakwenda kukata kioo cha kawaida kwa fundi wa madirisha. Kukagua ni rahisi: kwenye ukingo kabisa, gusa kioo polepole kwa ncha ya karatasi laini. Kwenye kioo halisi ncha na taswira yake vinagusana. Ukiona nafasi kati yake, rangi iko nyuma ya kioo, umebadilishiwa. Angalia pia kama uso umebonyea kidogo kuelekea ndani, kwa sababu kioo bapa hakikusanyi mwanga.

Kazi yenyewe ya kuosha ikifanywa sawasawa haihitaji mashine. Piga alama kwa penseli kwenye bomba na kwenye kishikio ili vikirudi vikae palepale. Toa kioo, osha mikono, vua pete na saa. Tandika taulo kwenye beseni. Anza na maji yanayotiririka, ya uvuguvugu, dakika mbili tatu, yaondoe mchanga kabla ya kitu chochote kugusa uso. Kisha jaza beseni, tia matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo isiyo na losheni, loweka dakika 10 hadi 15. Kama bado kuna uchafu, chukua pamba ya hospitali, iloweshe, ivute mara moja kwa uzito wake yenyewe bila kukandamiza, na uitupe. Pamba moja, mpito mmoja. Suuza, na mara ya mwisho mwagia maji yaliyokenekwa (distilled), yale ambayo mara nyingi huuzwa kama maji ya betri. Soma lebo hapo, tafadhali, maana kinachoitwa maji ya betri kwenye baadhi ya gereji ni asidi. Kisimamishe kwa ukingo kikauke chenyewe, na tone lililobaki lifyonze kwa pembe ya tishu bila kusugua.

Wakati wa kurudisha, vibanio vinavyokishika kioo visikikabe. Vinatakiwa vikishike tu kisianguke, kiasi kwamba kipande cha karatasi kinapita katikati. Fundi anayevikaza hadi mwisho anakupa nyota za pembetatu.

Sasa upangaji, yaani kuvielekeza sawasawa kioo kikuu cha chini ya bomba na kioo kidogo cha karibu na mdomo, na hapa ndipo pesa nyingi zinapoliwa. Anatoa leza, anaichomeka mahali pa kuchungulia, nukta nyekundu inakaa katikati, anasema tayari. Leza za bei nafuu mara nyingi zenyewe zimepinda. Kabla hajaigusa darubini yako, mwambie ailaze leza hiyo juu ya ubao wenye misumari minne iliyopigwa kama V mbili, aizungushe taratibu huku ikimulika ukuta ulio mita 5 mbali. Nukta ikibaki mahali pamoja, sawa. Ikichora duara, leza hiyo itavipinda vioo vyako vyote kwa kuvifuatisha yenyewe. Tena, kioo kikuu kisipokuwa na alama katikati, anayetumia leza anabahatisha.

Zipo darubini fupi zilizoandikwa umbali wa fokasi wa milimita 1000 ilhali bomba ni kama nusu mita. Hizo zina lenzi iliyofichwa ndani ya bomba la kufokasi, na leza ikipita humo haiaminiki mpaka lenzi itolewe. Na darubini ndogo za lenzi za milimita 60 au 70, nyingi hazina hata skrubu moja ya kupangia. Anayekutoza kwa kuipanga ya namna hiyo anakuibia mchana kweupe.

Bomba lilale mlalo anapogusa kioo kidogo. Skrubu ya katikati ndiyo inayokishika, zile tatu ndogo zinakiinamisha. Akifungua ya katikati bomba likiwa wima, kioo kidogo au funguo vinaangukia kioo kikuu.

Usilipe zote kwa M-Pesa kabla ya usiku. Kipimo ni nyota. Toa darubini nje nusu saa ipoe, chagua nyota iliyo juu angani, ukuzaji uwe mara 100 hadi 150, iweke katikati kabisa, halafu ipoteze fokasi kidogo. Utaona miduara kama kitunguu kilichokatwa, na kivuli cha kioo kidogo kiwe katikati. Kikisukumwa upande, kazi haijaisha. Maelekezo mengi ya Ulaya yanasema utumie Nyota ya Kaskazini kwa kuwa haihami, lakini ukiwa Tanzania nyota hiyo haionekani, hivyo nyota yako itakuwa inakimbia. Irudishe katikati kila mara kabla ya kuhukumu.

Akikuongezea "kichujio cha jua" kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia, mrudishie palepale. Joto lililokusanywa hukipasua ghafla na jicho linaungua. Kichujio salama hufunika mdomo wote wa mbele wa darubini.

Na kama ameshapulizia dawa ya madirisha, usifute. Toa kioo, kiweke chini ya maji yanayotiririka mara moja, suuza muda mrefu, kisha endelea na beseni kama ilivyoelezwa.